Kiti Alichokikataa Mwalimu Jaribu

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Jaribu Othman anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kusomesha Kiswahili na fasihi katika skuli yetu. Wanaosema kustaafu ni furaha waje wamuulize yeye. Sisi hatuioni.

Mwalimu ni mzaliwa wa Micheweni na mkaazi wa Jadida. Somo alilolipenda kupita yote ni ile tanzia ya kale ya jemadari anayemuua mfalme wake kwa tamaa ya kiti, na waziri anayejua kila kitu akanyamaza kwa kuchunga kiapo. Kila kidato cha nne kilitoka hapa kimeshiba: tamaa ni maangamizi, uaminifu ni ngao.

Aliwahi kuupandisha mchezo huo jukwaani, siku ya wazazi. Mfalme alipofunikwa shuka nyeupe, ukumbi mzima ukaitikia "Inna lillahi". Kina mama wakajitanda kanga, Shehe akanyanyua mikono, ikasomwa Fatiha, na marehemu mwenyewe akasikika akisema amin chini ya shuka. Nani tena angeendelea na mchezo? Watu walitoka wakimpa mkono wa pole Mwalimu Jaribu kama mfiwa, na jemadari hakuwahi kuadhibiwa.

Kisha likaja suala la uongozi. Mwalimu Mkuu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya, ila skuli ilimshinda. Maabara ilifungwa, walimu wa sayansi wakahama mmoja mmoja. Walimu wenzake tulimfuata Mwalimu Jaribu nyumbani, yeye akiwa msaidizi wa Mkuu huyo, tukamsihi akubali tumpendekeze wilayani akishike kiti kile. Bi Mwanawema, mkewe, alituletea chai. Mwalimu alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mchezo ule nimeusomesha umri wangu wote. Leo mnataka niucheze?"

Tukaona haya, tukaondoka. Yeye akaendelea kumtumikia mkubwa wake kwa moyo safi, akibeba vipindi vya waliohama hadi sauti ikamkauka. Watoto wa miaka ile walifeli kwa wingi, na baadhi yao tunaonana nao sokoni hadi leo. Inauma.

Wiki iliyopita alinikabidhi darasa lake. Nilikaa nyuma, nikamsikia akiwaambia wanafunzi: "Andikeni kwamba waziri naye ana lawama." Wakatazamana, maana jibu hilo alikuwa akilikata alama siku zote. Alifuta ubao, akanipa chaki.

Kiti cha Mwalimu Mkuu kiko wazi tena mwezi huu. Juzi Mwalimu aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama bado wanapokea majina. Umri wa kazi umemwishia.

Ahsante, Mwalimu wetu, kwa kila kipindi. Mwenyezi Mungu akupe siha, utulivu na uzee wenye baraka wewe na Bi Mwanawema. Tulikutaka wewe.

Shamima Yussuf, Idara ya Kiswahili