Kifuniko cha Birika Kwenye Foleni

Waliokuwepo kwenye benchi la mbao, mkabala na lango la zahanati, ni hawa. Fundi Saa, aliyekaa mwisho wa benchi ili apate mwanga wa kuchungulia ndani ya saa za watu. Kipimo, mpima ardhi mstaafu, ambaye hata kikombe cha kahawa alikipima kwa jicho kabla ya kukipokea. Mnadi, aliyenadi nguo sokoni mpaka sauti ikamkimbia, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na habari. Mama Kahawa, mwenye birika, jiko na neno la mwisho. Na binti mmoja aliyetumwa na wizara kutazama foleni. Siku ya kwanza alisimama ng'ambo ya barabara. Siku ya pili Mama Kahawa alimwita akae, na tangu hapo jina lake likawa Binti Wizara.

Foleni yenyewe ilikuwa na watu wachache na vitu vingi: tofali, ndara moja ya kushoto, kopo la rangi, kifuniko cha birika chenye ua la buluu. Wenye vitu walikuwa kivulini, au bado wako nyumbani. Foleni ikisogea, aliye nyuma alisukuma kitu cha mwenzake kwa mguu. Wizara iliiona kuwa ni fujo, ikanunua mashine ya kutoa namba. Ukiitwa usiwepo, namba yako imekufa. Binti Wizara alitakiwa aseme tu mashine ikae wapi.

— Mimi nawaambia, huyu hakuja kwa ajili ya mashine, alisema Mnadi, kana kwamba binti hayupo. Wanataka kutoza kodi matofali.

— Tofali langu lilishalipiwa kodi lilipokuwa ukutani, alisema Kipimo.

— Basi watalitia kidude ndani. Likisogea hapa, kule wizarani taa inawaka.

— Na ndara je?

— Ndara inapigwa picha kutoka juu. Hamjiulizi kwa nini siku hizi hakuna mawingu? Wanayafagia, wapate kuona vizuri.

— Mwanangu, ni kweli mnafagia mawingu? aliuliza Mama Kahawa.

— Mama, hata ofisi yetu hatuna ufagio wa kuifagilia.

Mnadi alicheka mpaka kahawa ikampalia, Kipimo akampiga mgongoni.

— Mimi hoja yangu ni moja, alisema Kipimo. Walifungua dirisha la pili la kadi, tukashangilia. Foleni ikahamia kwa daktari. Wakaleta daktari wa pili, ikahamia kwenye dawa. Foleni hii ni mpangaji sugu. Unamtoa chumba hiki, unamkuta chumba kile anaosha vyombo.

— Ndiyo maana nimeacha kutazama madirisha, mzee wangu, alisema Binti Wizara. Nataka kujua foleni inaanzia wapi.

— Inaanzia langoni! alisema Kipimo. Huna macho?

— Ya mke wangu inaanzia kitandani, alisema Fundi Saa.

Kifuniko chenye ua la buluu kilikuwa cha mkewe, mgonjwa wa moyo. Kila siku ya kliniki alikiweka foleni kulipokucha, kisha akarudi kumchukua. Mashine ikianza, namba ya yule mama ingekufa kabla hajavuka barabara.

Binti aliomba kwenda naye.

Chumba kilijaa saa za ukutani, kila moja na wakati wake. Mke wa Fundi Saa alikuwa ameketi kitandani, amevaa gauni la kutokea, viatu tayari miguuni.

— Huyu ndiye serikali? Mbona mwembamba hivi? Keti, mwanangu, serikali isianguke.

Waliondoka polepole, mkono wake begani kwa mumewe. Walipumzika kwenye ngazi ya fundi cherehani, ambaye alimletea kiti na kumwonyesha mshono uliomshinda. Walipumzika tena kwenye ukuta wa shule, na hapo muuza maji akagombezwa na yule mama kwa kunyoa ndevu vibaya, akafurahi. Binti Wizara aliona jambo jepesi sana la kufanya.

— Mama, tunaweza kupanga dawa ziletwe nyumbani. Hutahangaika tena.

Yule mama alisimama katikati ya njia.

— Ukiniletea dawa kitandani, umenifungia mlango. Nitamsema nani? Huyu na saa zake? Watu hawa wanajua nipo kwa sababu kifuniko changu kipo. Nyinyi kifanyeni kinisubiri. Sina kubwa ninalotaka.

Walipofika, kifuniko kilikuwa cha pili kutoka dirishani, na Mnadi amekisimamia kama askari.

— Shemeji, umechelewa! Nilitaka kukipiga mnada!

— Nani akinunue, kwa sauti hiyo?

Binti aliwatazama wanavyotaniana mpaka dawa zikatoka. Akaaga, akasema anakwenda kumwambia mkuu wake kwamba mashine sharti ijifunze kusubiri.

— Atakufukuza, alisema Mnadi.

— Akinifukuza nitakuja kuuza kahawa.

— Hapa pana mwenyewe, alisema Mama Kahawa.

Mkuu hakumfukuza. Walibishana, akaombwa michoro, ikakataliwa, akachora upya, na siku nyingine ya kliniki akarudi mbiombio akiwa na furaha ya kumwaga. Benchi lilikuwa na watu wake wote. Kifuniko kilikuwa foleni. Alianza kusema kabla hajakaa. Namba haitakufa. Mtu akiwa hajafika, aliye nyuma yake atasema anakuja, na karani ataingoja. Yatawekwa mabenchi mawili njiani, moja kwa fundi cherehani, jingine penye ukuta wa shule.

— Wamekubali yote, alisema. Yote, mzee wangu!

— Ahsante, mwanangu, alisema Fundi Saa. Alikuwa ameshika saa ya mtu, haifungui wala hairudishi mfukoni.

Foleni ilisogea. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya kifuniko alikisukuma kwa ncha ya kiatu, taratibu, asije akakikwaruza.

— Mama amefikia wapi? aliuliza Binti Wizara. Yuko kwa fundi cherehani? Niende nimpokee, nimwambie mwenyewe.

Mama Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha binti, halikutoa kitu. Mnadi alitazama viatu vyake. Kipimo ndiye aliyejibu.

— Mke wa Fundi Saa alifariki Jumatano.