Mjomba Wangu wa Kisukuma

Ndugu zangu wapangaji, nianze na aibu yenyewe, maana najua mmeshaisikia mtaani na chumvi imezidi. Mimi, Mluguru wa Matombo, nilimwonyesha bwana wa halmashauri Msukuma mrefu kama nguzo ya simu nikasema, "Huyu mjomba wangu, tumbo moja na mama." Kumbe bwana yule naye Mluguru. Akauliza, "Ukoo gani?" Kwetu ukoo unafuata mama, mtoto anayetambaa anaujua. Nikamgeukia mjomba aniokoe. Mjomba akajibu, "Wa kule kwetu Shinyanga."

Tukaambiwa tuhame.

Kwa nini nilidanganya? Kiwanda tulichofanyia kazi kilibinafsishwa, tukapunguzwa. Wanne, yule Msukuma akiwemo, tukapanga nyumba moja mtaa wa Kilakala, tukachangia kodi na sufuria la ugali. Ikatoka sheria ndogo ya halmashauri: mtaa ule ni wa familia, watu wa damu au wa ndoa. Wengine wote wahuni. Nawaambieni, hasira hainishuki mpaka leo. Kiwanda wauze wao, uhuni tupewe sisi? Na peke yangu hata chumba nisingeweza. Ningerudi mlimani, mwanaume mzima na godoro kichwani, mama anipokee.

Dada mmoja wakili akatuambia, "Acheni kuigiza ukoo. Twendeni na katiba." Mimi niliyeishia darasa la sita nilidhani katiba ni ya mawaziri. Akatufikisha Mahakama Kuu Dar, akasema, "Mheshimiwa Jaji, wakubwa wa mtaa ule wana mpishi, yaya na mtunza bustani wanaolala humo humo. Nao ni damu yao?"

Mwanasheria wa halmashauri akasema, "Hao ni wafanyakazi."

Jaji akavua miwani. "Kwa hiyo mtu akilala pale kumtumikia mwenye nyumba ni sawa, akilala kwa kodi yake ni mhuni?"

Yule mwanasheria akafungua makaratasi yake, akayafunga.

Sheria ikafutwa. Katiba inalinda makazi ya mtu, haimuulizi kazaliwa na nani.

Namshukuru dada yule, na nyie mliotuchangia nauli ya Dar, Waislamu kwa Wakristo. Mkiulizwa mnaishi na nani, semeni kweli, halafu nanyi muulize: unaniuliza kwa sheria gani, na hiyo sheria ni halali?

Jioni ile tumerudi kutoka mahakamani, nimejinyoosha kwenye mkeka kama jaji mwenyewe. Yule Msukuma akanitazama, akasema, "Mahakama imesema tunaruhusiwa kuishi na wewe. Haijasema ni lazima. Inuka ukaoshe sufuria."