Fundi Nukta, Baba Yetu: Miaka ya Mezani na Miaka ya Sakafuni

Ukimuuliza baba saa ngapi, aliipeleka saa sikioni kwanza, ndipo aitazame. Alisema hana haja ya kujua saa inasema nini kabla hajajua kama iko hai. Alifanya hivyo mezani, barabarani, hata kwenye harusi ya kifungua mimba wake, bwana harusi akadhani mkwe anaongea na simu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mshika bendera wa stesheni, mama yake alifua nguo za watu. Alisoma shule ya msingi pale pale kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari kwa miaka miwili. Saa ya darasani aliifungua akairudisha, ikabaki skrubu moja mkononi, na saa ikaenda vizuri kuliko mwanzo. Mwalimu hakujua amchape au amshukuru.

Mwaka 1969 alianza kujifunza kazi kwa mjomba wake, fundi saa, na mwaka 1976 akafungua kibanda chake chini ya ngazi ya duka la viatu. Dari ya kibanda ilifuata mteremko wa ngazi, kwa hiyo hata akisimama alikuwa ameinama. Jina la Nukta alilipata hapo, maana mteja mwenye haraka aliambiwa, "Nipe nukta moja," na nukta hiyo ilimaliza mchana. Redio na spika hazikuingia kibandani. Adui yake mkubwa alikuwa sumaku. Ikiikaribia saa, ile springi nyembamba ya ndani hushikamana, saa ikaanza kukimbia kama iliyofukuzwa.

Tarehe 14 Agosti 1979 alifunga ndoa na mama yetu, opereta wa simu, aliyeleta saa itengenezwe akaambiwa arudi kesho, na kesho yake, na kesho yake tena. Mama husema saa ilipona mapema, mgonjwa aliyebaki alikuwa fundi. Walijaliwa watoto watatu.

Maumivu ya mgongo yalimwanza mwaka 2009. Kufikia 2013 hakuweza kukaa hata kumaliza kikombe cha chai, na kibanda kikafungwa. Vidonge vilimpunguzia maumivu lakini vilimtia usingizi na kumtetemesha vidole, akaviweka kando. "Maumivu yakiondoka pamoja na mikono," alimuuliza mama, "mimi nimebaki na nini?" Alichotaka kilikuwa kimoja tu, kukaa tena mezani kwake. Akawa analala sebuleni kwenye godoro jembamba, miguu juu ya stuli, na nyumba nzima ikamfuata sakafuni. Wageni walikaa chini. Mama alimenya vitunguu karibu na kichwa chake, akilalamikiwa. Nilipotoka kazini nililala kando yake, sote tukitazama dari, naye akasimulia mambo ambayo hakuwahi kuyasema mezani, kwa sababu fundi saa akiwa kazini hata pumzi huibana. Aliniambia jinsi alivyomwogopa baba yake. Aliniambia alitamani sana kuona theluji, akacheka mwenyewe.

Mwaka 2016 tulielekezwa kliniki ya maumivu ambako mishipa ya fahamu ya mgongo ilichochewa kwa mashine ya sumaku, bila dawa wala sindano. Baba aliitazama koili yake, waya ulioviringwa ndani ya plastiki, bapa kama mfuniko wa sufuria, akanipa saa yake nikaishike nje kabisa, mwisho wa korido.

"Sumaku nimeifukuza maisha yangu yote," alimwambia dada mtaalamu wa viungo. "Leo niigeuzie mgongo?"

"Mzee, ugomvi wenu ulikuwa wa saa. Wewe huna springi."

"Una hakika?"

Yule dada hakumwahidi kitu. Alisema wapo wanaopata nafuu, na wapo wanaotoka kama walivyoingia. Mashine ilipoanza kugonga, misuli ikaruka yenyewe, na baba akatoa taarifa kwamba mgongo unakwenda mbio kama saa, utazamwe. Mwanzoni hakuona tofauti yoyote. Nyumbani alimwambia mama kwamba sumaku imemtambua na inalipiza. Aliendelea kwenda hata hivyo. Kisha jioni moja alikaa mezani tangu sahani zinapakuliwa hadi zinaondolewa, na hakuna aliyethubutu kusema neno, tukiogopa kulifukuza lile jambo.

Mwaka 2017 alirudi kazini, kwenye chumba chenye dari iliyonyooka, kwa amri ya mama. Alikwenda kliniki kila maumivu yalipochungulia. Godoro lilikunjwa likawekwa nyuma ya mlango, na ile sauti iliyotoka sakafuni tukaipoteza tukiwa na furaha. Bado naitafuta niingiapo sebuleni.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka jana. Alilazwa tarehe 2 Juni 2024, akafariki Alhamisi tarehe 20 Juni, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili, na saa za watu ambazo kaka yetu atawarudishia wenyewe. Tunamwombea pumziko lisilo na maumivu.

Mama ameniomba niseme pia neno ambalo baba alinipa siku moja kabla ya kufariki. Alasiri ile aliomba nimkalishe ukingoni mwa kitanda. Nikakaa kando yake, kiganja changu kimeushika mgongo wake chini, pale ilipokuwa ikiwekwa ile koili. Tulitazama dirisha. Niliuona uzito wake ukinielemea, nikamwambia sasa alale. Akatikisa kichwa.

"Usinilaze bado, mwanangu. Hebu tukae."