Bwana Nitaweza na Hewa Asiyoiomba

Ndugu yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 4 Juni 1983, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ileile ambayo mama yake anaishi hadi sasa. Anayesoma maneno haya ni dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni, na anaomba asikatizwe mpaka amalize.

Alikuwa na kichwa kigumu tangu utotoni. Akiwa na miaka sita alianguka kutoka juu ya ukuta wa jirani, akavunjika mkono, akarudi ndani kimya kama vile hakuna lililotokea. Alipopewa chungwa akaanza kulimenya kwa meno. Mama akamuuliza, "Nikumenyee?" Akajibu, "Nitaweza." Mkono ulipovimba ndipo siri ikatoka. Tangu siku hiyo akaitwa Bwana Nitaweza, na jina halikumbanduka tena.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea bomba. Ufundi huo ndio uliompa mke. Aliitwa kutengeneza mfereji wa maji kwa watu waliokuja kuwa wakwe zake, akautengeneza, na bado kila wiki akawa anarudi kuukagua. Mwishowe binti wa nyumba akachoka. "Wewe unatengeneza bomba au unatafuta mke?" Akainama, akakusanya spana zake, akasema, "La pili." Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2010, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2008 aliajiriwa na kampuni inayokagua mabwawa ya umeme, akafundishwa kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni. Huko alipangwa na mwenzake wa kuzama naye, mtu aliyewahi kuchomelea mageti, ambaye wote kazini humwita Mchomeleaji. Miaka yote hiyo walizama pamoja. Mabinti wa marehemu humwita baba mkubwa.

Kila Jumatatu wawili hawa walifanya zoezi la dharura kwenye bwawa la mafunzo. Mmoja hupitisha kiganja shingoni, maana yake hewa imekatika. Mwenzake humpa kipumulio kilichomo kinywani mwake, yeye akachukua kile cha akiba, wakashikana mikanda, wakatulia, ndipo wakapanda polepole. Kisha hubadilishana, aliyetoa awe mwombaji. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini ndugu yetu alikuwa mtoaji siku zote. Mchomeleaji alipolalamika, "Leo zamu yako uombe," alicheka tu. "Mimi? Siku nikiishiwa nitapanda mwenyewe. Wewe omba, bwana, tumalize."

Msimamizi alicheka nao. Sisi nyumbani tulipohadithiwa tulicheka pia. Tulimpenda hivyo alivyokuwa, mtu wa kutoa.

Katika wasifu, hapa ndipo huandikwa ugonjwa. Marehemu hakuugua. Tarehe 9 Machi 2024 walikuwa chini ya maji, wakisugua vyuma vinavyozuia takataka zisiingie kwenye mitambo. Mpira wake wa kupitisha hewa ulinaswa na chuma kilichovunjika, ukachanika, hewa yote ya mtungi ikatoka. Mchomeleaji alikuwa karibu naye, akinyoosha mkono anamgusa, ila alikuwa amegeukia vyuma na maji yalikuwa machafu. Ilitosha ndugu yetu amshike bega na kupitisha kiganja shingoni. Mchomeleaji alihisi tu mguu ukimpita begani. Alipoinua macho, mwenzake alikuwa ameshaanza kupanda. Akamnyooshea kipumulio, na hapakuwa na wa kukipokea.

Ndugu yetu alipanda mbio huku amebana pumzi, na mtu akipanda hivyo mapafu hupasuka. Alitolewa majini yu hai, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Sasa tuseme lile linalonong'onwa kwenye viti vya nyuma tangu msiba uanze, kwamba Mchomeleaji aliogopa akamnyima mwenzake hewa. Kwa ajili ya maneno hayo alizuiwa kubeba jeneza asubuhi ya leo. Kamati ya mazishi nayo iliomba iandikwe "ajali kazini", yaishe. Hayaishi hivyo. Kuna mtu aliye hai atakayetembea na neno hilo mpaka kaburini kwake, na watoto wake watatupiwa shuleni.

Mkewe na dada yake anayesoma haya walikuwa kando ya kitanda chake tarehe 11, jioni. Mke alimuuliza wazi, "Alikunyima?" Marehemu akatikisa kichwa kukataa. Akasogeza barakoa ya oksijeni, na kila neno lilimgharimu.

"Sikumwomba."

"Kwa nini, baba watoto?"

"Sijui. Mkono haukwenda."

Tunasema haya kwa uchungu, na kwa hasira pia, maana tunamkasirikia. Hewa ilikuwepo. Ya kuwatosha wawili ilikuwepo. Mkono wake haukuwahi kujifunza kuomba, na sisi sote tulimsifia kwa hilo.

Alikata roho alfajiri ya tarehe 12 Machi 2024, akiwa na miaka arobaini.

Ameacha mama, mjane, mabinti wawili, dada mmoja na wadogo wawili wa kiume. Mama ameagiza jina moja liongezwe hapa, akasema asiyelitaka aje aseme naye: Mchomeleaji, mtoto wake kuanzia leo. Yuko nje ya geti la makaburi, peke yake, kwenye jua. Wadogo wa marehemu, nendeni mkamlete, ashike kamba upande wa kichwani. Akishafika hapa ndipo tutamshusha ndugu yetu, na ndipo tutakapoweza kumwambia apumzike kwa amani.