Mwalimu Kahaso na Mchicha wa Maji ya Chumvi

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Jefwa Charo, mdogo wake marehemu, na familia imenichagua nisome kwa kuwa nimeishi nyumbani kwake miaka kumi na mmoja, nami nimekubali kwa sababu ambayo mtaijua kabla sijaketi.

Mwalimu Kahaso Charo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Ribe, akiwa kifungua mimba wa mzee wetu Charo na mama yetu Sidi. Alianza darasa la kwanza Januari 1979, akamaliza la nane mwaka 1986, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1990, na mwaka 1994 akahitimu stashahada ya ualimu wa Biolojia na Kilimo. Tarehe 9 Januari 1995 aliripoti katika shule ya upili hapa Kisauni, akafundisha hapo hadi alipougua. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa kanisani Chaani na Bwana Fondo Mweri, mfanyakazi wa bandarini, wakajaliwa watoto wawili, Velma na Gershom, ambao aliwalea kwa swali moja, umejuaje, hata mtoto akisema ameshiba.

Mwaka 2013 alianzisha klabu ya sayansi, akaandika barua kwa watafiti akiomba mmoja wao awashike mkono watoto wake wa klabu, na aliyejibu ni Dkt. Nafula, mtafiti wa mimea, ambaye tangu hapo alikuja kila muhula kusoma madaftari yao, akiulizwa swali naye huuliza jingine. Watoto walipanda, walipima kwa rula, waliandika, na ufutio ulikatazwa, namba iliyokosewa ilipigwa mstari mmoja ili ibaki ikisomeka.

Maneno yafuatayo hayamo katika kijitabu kilichopitishwa na kamati ya mazishi, msiyatafute.

Mwaka 2014 nilipoachishwa kazi kiwandani Changamwe, Dada alinipokea hapa Mtopanga, mimi na mbuzi wangu. Mwaka 2016 wanafunzi walitaka kujua kama maji ya chumvi ya visima vyetu yanaweza kukuza mchicha, wakapanda mikebe arobaini, safu moja ya maji ya bomba, safu moja ya kisima, na shule ilipofungwa Agosti mikebe ikahamia uani kwetu, Dada akaenda Ribe juma zima kumuuguza mama, akaniachia kazi ya kumwagilia. Tarehe 18 Agosti niliacha mlango wa ua wazi, mbuzi wangu wakaila safu ya kisima hadi mizizi, mikebe yote ishirini, nami kwa hofu nikanunua miche mingine kwa mkulima wa bondeni, iliyonawiri, nikaipandikiza, nikafagia nyayo.

Watoto waliporudi kupima, mchicha wa chumvi ulikuwa umeupita wa bomba. Dkt. Nafula hakuamini, akauliza ni nani aliyeuangalia, Dada akaja kwangu, nikamwambia wallahi hakuna kilichotokea, naye akamjibu daktari kwamba ndugu yake hawezi kumwongopea. Mwanamke aliyewafundisha watoto kuyatilia shaka hata macho yao wenyewe, kwangu mimi peke yangu hakudai ushahidi.

Mkuu wa shule alimshauri apunguze zile namba ziingie akilini, akakataa, watoto wakazipeleka mashindanoni zilivyo, na chini yake wakaandika kwamba sababu hawaijui. Mwamuzi mmoja alimwambia Bonface, kiongozi wao, mbele za watu, kwamba amezipika. Neno likaenea kuwa Mwalimu Kahaso anafundisha watoto uongo, wazazi wakawatoa klabuni, Bonface akaacha Biolojia, nami nilikuwa nakula mezani kwake kila siku, nikisikia.

Dada alilirudia jaribio lile mara nane, kila mwaka, na kila mwaka mchicha wa chumvi ulikufa, naye akazidi kuamini kwamba ile mara ya kwanza ilikuwa na siri. Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Februari, akiwa kitandani, aliniuliza mimi naonaje, walikosea wapi, na kinywa changu hiki kikasema labda udongo. Akalishika hilo kwa furaha, akawatuma wanafunzi juani wakachote udongo Mikindani na Chaani, mikebe ikapangwa dirishani, na kwa kuwa mkono wake haukuweza tena kalamu, mimi ndiye niliyemwandikia namba. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nane mchana, akingojea jibu la udongo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa Mtopanga waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na Dkt. Nafula ambaye hakumwacha. Bonface, ambaye leo umelibeba jeneza lake, hukupika namba yoyote, ulipima mchicha wangu ukapima sawasawa, na nimekuharibia maisha nikiogopa kugombezwa kwa ajili ya mbuzi. Daftari liko hapa mezani, jana nimeandika kisa chote katika ukurasa wa Agosti 2016 na kutia sahihi, na ule ukurasa wa udongo nimeupiga mstari mmoja.

Dada Kahaso, wewe pumzika kwa amani, mimi bado siistahili.