Rurema Hatupiwi Dadu

Katika boti iliyotoka Baraka kwenda Uvira, mzee Gaspard alijifanya kusinzia ili asikie vizuri. Mbele yake Mama Laure alikuwa anamwambia mwalimu Aline kwamba binti yake Laure hatarudi tena kwenye ule mchezo wa meza wa mwalimu na wanafunzi wake, wa dadu na hadithi, ambamo kila mtu husema kama mhusika wake.

"Mumetia Rurema mu mchezo," alisema. "Mungu tunaomba mu Kifuliiru, muko munamuchanganya na mizimu. Mulimupa nguvu ngapi? Kumi?"

"Hana namba, mama. Mizimu ndiyo iko na namba. Rurema hatupiwi dadu, na hakuna muntu anasemaka pa nafasi yake."

"Sasa muntu akimuomba?"

"Tunanyamaza wote. Kisha ule aliomba anasimama, anatumika kazi na mikono yake."

Gaspard alifumbua jicho moja. Alikuwa amepita masoko mengi, akasikia jina la Mungu likiapiwa juu ya samaki waliooza. Watu wa kulinyamazia hakuwahi kuwakuta. Akampenda yule mwalimu papo hapo.

"Hata mu kanisa yetu hawanyamazake hivyo," Mama Laure alikiri, kisha akajikaza. "Lakini Laure wangu hatawezana. Ule mutoto anasemaka hata akilala."

"Laure ndiye ananyamazaka kupita wote. Sisi tunamalizaka, tunabaki kumungoja yeye."

"Laure? Ule wangu?"

Aline aliitika kwa kichwa. Mama Laure akageukia maji akilirudia jina la binti yake polepole, na boti ikagusa mchanga wa Kalundu, bandari ya Uvira.