Leya Nyirabeza, Aliyefua Mazulia Ziwani
(1951–2016)

Marehemu mama yetu Leya Nyirabeza alizaliwa mwezi Machi 1951 huko Bijombo, katika nyanda za juu za Uvira, Kivu ya Kusini, mtoto wa nne wa mzee Athanasi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, kisha akarudishwa nyumbani kuchunga ndama. Wakati wote alisema kwamba ndama walimfundisha subira na shule ilimfundisha kusoma Biblia, na vyote viwili vilimfaa.

Tarehe 12 Agosti 1970 aliolewa na Karekezi, mfugaji wa Bijombo. Mungu aliwajalia watoto watano; wawili walikufa wachanga. Mwaka 2004 vita viliitawanya familia. Watoto watatu walikimbilia Bujumbura, na mwaka 2007 wakapokelewa Marekani. Leya na mumewe walikimbilia Rwanda, wakawekwa kambini, na mwaka 2006 wakapelekwa Finland, katika mji mdogo wa Iisalmi, kando ya ziwa Porovesi.

Majira yao ya kwanza ya baridi, Karekezi aliona gari likipita juu ya ziwa lililoganda. Akamgeukia mkewe: "Hawa watu wamechoka kuishi." Hakukanyaga barafu ile mpaka Februari. Mwaka uliofuata alikuwa na kigoda chake na tundu lake katika barafu, akivua samaki katikati ya ziwa pamoja na wazee wa Kifini ambao hawakusema neno kutwa nzima. Alirudi amefurahi. Alisema amepata watu wanaojua kunyamaza kama wachungaji wa ng'ombe.

Leya alifanya kazi katika jiko la shule ya mji huo mpaka alipostaafu. Lakini furaha yake ilikuwa kwingine. Iisalmi, majira ya joto yakifika, kila nyumba hutoa mazulia yake ya vitambaa na kuyapeleka ukingoni mwa ziwa. Pale kuna meza ndefu za mbao, maji, mashine ya kukamulia inayozungushwa kwa mkono, na fito za kuanikia. Mwalimu hufua, daktari hufua, bibi na mjukuu hufua. Sabuni inanukia msonobari. Baadaye hunywa kahawa wakiwa wamelowa. Ni kazi, na ni sherehe. Hapo ndipo Leya alipokutana na Aino, mjane wa makamo yake, aliyemwambia siku ya kwanza: "Wewe unasugua kama mtu anayemtafuta mwizi ndani ya zulia." Wakacheka, na tangu hapo mmoja hakufua bila mwenzake kushika upande wa pili.

Mwaka 2010 Karekezi alifariki, akazikwa Iisalmi. Kaburi lilikuwa la watu wawili. Upande mmoja uliachwa kwa ajili ya mkewe. Kila mkesha wa Noeli Leya na Aino walikwenda kuwasha mshumaa juu yake, ndani ya theluji, kama wafanyavyo watu wa mji ule wote, mpaka makaburi yakawa kama kijiji chenye taa.

Julai 2012 alimpigia simu binti yake Isaro, aliyekuwa Columbus, Marekani. "Nimechoka, mwanangu. Leo tumefua mazulia mpaka mgongo unauma."

Isaro hakuuliza ni ya nani. Alimpigia ndugu yake Theogene, Louisville. Theogene akampigia ndugu yao Rwema, Buffalo. "Mama yetu, na uzee ule, anafulia wazungu mazulia ziwani!" Wakalia. Jumapili iliyofuata jambo hilo liliombewa kanisani. Leya aliposikia alieleza kwamba ni mazulia yake mwenyewe, akaeleza tena. Walimjibu, "Usione haya, mama. Tunakuja kukutoa." Karatasi zikaanza kutengenezwa. Waliahidi kwamba atakaa mwaka mmoja, awaone wajukuu, kisha watamrudisha kwa Karekezi.

Alifika Columbus tarehe 14 Mei 2014. Kanisani walisimama kumshukuru Mungu aliyemtoa utumwani. Naye alisimama kusahihisha. Wakapiga makofi kabla hajamaliza.

Katika nyumba ya Isaro, mtaa wa Northland, alitazama chini akauliza, "Hili zulia munafulia wapi?"

"Haliondokake, mama. Walilibandika."

"Donc munatembeaka juu ya uchafu wenu tangu mufike?"

Isaro aliondoka kila asubuhi kwenda kuwaogesha wazee wa watu wengine, na mama yake alibaki na televisheni. Desemba alihamishiwa Louisville, kwa kuwa Theogene alihitaji mtu wa kukaa na watoto. Aliwasemesha kwa lugha yake, wakamjibu kwa Kiingereza. Mwaka ulipotimia aliuliza habari ya safari. Theogene akasema wangoje kiangazi. Kiangazi kilipofika, alihamishiwa Buffalo.

Pale mtaani Riverside aliona mto wa Niagara. Siku moja alichukua zulia alilokuja nalo, brashi na sabuni, akashuka mpaka majini, akapiga magoti. Rwema, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya ghala, aliamshwa na jirani. Akaja mbio kumwinua.

"Mama, lamuka pale! Bazungu banatuangalia!"

"Bon, baangalie. Ba kule Iisalmi banashikaka upande ingine ya zulia."

Rwema alilibeba zulia likichuruzika, na tangu siku hiyo mlango ulifungwa kwa funguo mbili. Alisema ni kwa usalama wake.

Oktoba 2015 Leya aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Hakuogopa. Aliomba jambo moja tu, arudishwe kwa Karekezi angali anaweza kuketi ndani ya ndege.

"Mama, kule hauna mutu," Rwema alimwambia.

"Baba yako si mutu?"

Rwema alitoka nje. Wiki zikapita, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme neno. Leya Nyirabeza alifariki Buffalo, Jumanne, tarehe 9 Februari 2016, alfajiri.

Kikao cha familia kimeamua azikwe hapa, ili watoto wapate kumtembelea. Hakuna kati yao aliyewahi kuliona kaburi la baba.

Ameacha watoto watatu: Theogene, Isaro na Rwema, wajukuu tisa, dada mmoja aitwaye Florida, aliyeko Bujumbura, na rafiki, Aino, wa Iisalmi. Jana mtu aliuliza kama jina hilo la mwisho linafaa kuwekwa pamoja na ya ndugu. Limewekwa. Mjukuu wa Leya, Uwineza, ndiye aliyempigia Aino simu. Aino aliuliza mwili utafika siku gani, maana lazima awahi kuwaambia watu wa makaburini waondoe theluji upande wa pili.



Pumzika kwa amani, mama Leya, hapa tulipokuchagulia sisi.